Misitu Asilia ya Tambarare za Pwani: Aina Zake, Ardhi Inayoifaa na Namna ya Kuirudisha

Anayetaka kurudisha msitu wa asili kwenye ekari zake Mkuranga, Muheza au Kilifi kwa kawaida huanza kwa kuuliza anunue miche gani. Aanze kwa jembe. Pwani yetu ina aina kadhaa za misitu ya tambarare zinazopakana, na mara nyingi kinachozitenganisha ni udongo na maji tu. Unatembea mwendo mfupi kutoka mchanga mwekundu hadi mchanga mweupe, na miti karibu yote imebadilika. Mvule ukiupanda kwenye mchanga mweupe wa mrihi utadumaa, na kiangazi kikali kitaumaliza hata kama uliuwekea samadi ndoo nzima.

Mwongozo huu unahusu misitu iliyo kati ya usawa wa bahari na mita 500 hivi. Kwenye miguu ya milima ya Usambara Mashariki na Udzungwa, ambako mvua ni nyingi, misitu ya namna hii hupanda hadi karibu mita 800 kabla ya kuiachia nafasi misitu ya milimani. Mikoko haimo humu, kwa kuwa kazi yake ni nyingine kabisa. Kwa kuwa mti mmoja huitwa hivi Lindi na vingine Kwale, majina ya kisayansi yamewekwa pale yanapohitajika. Ukiagiza mbegu, agiza kwa jina hilo.

Kusoma ardhi kabla ya kugusa mche

Chimba shimo lenye kina cha mita moja katika kila sehemu ya shamba inayoonekana tofauti: juu ya kilima, kwenye mteremko, bondeni. Mashimo matatu hadi matano yanatosha kwa ekari mbili. Katika kila shimo tazama mambo manne.

Rangi na chembe. Mchanga mwekundu unaong'ang'ania kidogo mkononi ukiloweshwa una udongo wa mfinyanzi ndani yake, kwa hiyo unashika maji na virutubisho kiasi. Mchanga mweupe au wa kijivu unaochuruzika vidoleni hata ukiwa umelowa ni maskini na una asidi. Udongo mweusi mzito unaopasuka kiangazi ni wa mabondeni, nao hutuama maji.

Mwamba wa matumbawe. Ukigonga jiwe jeupe lenye matundu kabla ya kufika nusu mita, uko maweni. Kama jiwe halionekani lakini una shaka, mwagia bonge la udongo siki kidogo. Likitoa povu, kuna chokaa, na miti inayopenda udongo wa asidi uiondoe kwenye orodha yako.

Madoa. Udongo wenye madoa ya kutu na kijivu unasema kwamba maji husimama hapo sehemu ya mwaka, hata kama umechimba Septemba na shimo ni kavu. Pima kina ambacho madoa yanaanzia. Yakianza sentimita 30 kutoka juu, miti ya nchi kavu itaoza mizizi masika ya kwanza.

Kasi ya kunywa maji. Kwenye shimo dogo la kina cha sentimita 30, jaza maji, yaache yaishe, jaza tena, kisha pima yanashuka sentimita ngapi kwa saa. Zaidi ya 15, una mchanga usioshika kitu. Miche itahitaji matandazo mazito na kupandwa mapema sana kwenye mvua. Chini ya 2, chagua miti ya bondeni au panda juu ya matuta.

Baada ya mashimo, tembea ukiangalia visiki na mimea iliyobaki. Ardhi iliyolimwa miaka ishirini bado inakumbuka. Machipukizi ya mkongo kwenye mpaka wa shamba, mbungo uliojisokota kwenye mwembe, mkuyu mmoja kando ya kijito: hivyo ndivyo vidokezo vya msitu uliokuwapo. Wazee wa mtaa wanajua zaidi ya ramani, hasa wapasua mbao na wachoma mkaa wa zamani, maana wao walikwenda kutafuta mti fulani mahali fulani.

Kisha mvua. Kuanzia Dar es Salaam kwenda kaskazini kuna misimu miwili, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Lindi na Mtwara zina msimu mmoja mrefu, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na kiangazi chake ni kirefu na kikali. Mti unaostahimili Tanga si lazima ustahimili Nachingwea, Lindi, hata kama jumla ya mvua za mwaka inalingana.

Aina za msitu na mahali pake

Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi, ni darasa zuri kwa sababu aina tatu zimekaa pamoja ndani ya msitu mmoja wa kilomita za mraba 420 hivi. Upande wa mashariki, karibu na bahari, mvua ni takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Ukielekea kaskazini-magharibi inashuka hadi karibu 600.

Kwenye upande wenye mvua zaidi, juu ya mchanga wa kijivu, upo msitu wa mchanganyiko: mkongo, ambao Kenya wanauita mbambakofi (Afzelia quanzensis), msandarusi (Hymenaea verrucosa), Manilkara sansibarensis na Combretum schumannii. Hakuna mti mmoja unaotawala. Majani hufunika anga karibu mwaka mzima, na chini yake kuna kivuli, majani yanayooza na mitambaazi mingi. Msandarusi ndio uliotoa sandarusi, gundi iliyosafirishwa kwa wingi kupitia Unguja katika karne ya 19 kwa ajili ya vanishi. Iliyothaminiwa zaidi ilichimbwa ardhini, mahali ambapo miti yenyewe ilikuwa imekwisha kutoweka zamani. Msitu wa aina hii, pamoja na mvule na mgude kwenye mabonde yenye rutuba, ndio uliofunika vilima vingi vya pwani, vikiwemo vya Pugu na Kazimzumbwi magharibi mwa Dar es Salaam. Unahitaji mvua ya milimita 900 au zaidi na udongo wa kina.

Katikati ya Arabuko-Sokoke unapita ukanda wa mchanga mweupe, na hapo anatawala mrihi (Brachystegia spiciformis). Miti imeachana, jua linafika chini, nyasi zipo. Watu wengi hudhani huu ni msitu wa mchanganyiko ulioharibiwa, wakaanza "kuujaza" kwa miti mingine. Uacheni ulivyo. Mchanga ule hauna chakula cha kutosha miti mingine, na mrihi unaishi hapo kwa sababu mizizi yake inashirikiana na kuvu wa ardhini, mikoriza, ambao huutafutia virutubisho.

Upande wa magharibi, juu ya mchanga mwekundu na kwenye mvua haba, upo msitu mkavu wa mfunda (Cynometra webberi) pamoja na muhuhu (Brachylaena huillensis), mti uliokatwa mno kwa ajili ya vinyago. Ni msitu mfupi, mzito, wenye vijiti vingi vyembamba kiasi kwamba mtu mzima anapita kwa kuinama. Bundi mdogo wa Sokoke anaishi humo hasa. Tanzania, kwenye mazingira yanayofanana na hayo, utamkuta mhande (Scorodophloeus fischeri), ambao mara nyingi hukaa kwa makundi makubwa ya jamii yake peke yake. Msitu huu hukua taratibu mno. Ukikatwa wote, matumaini yako makubwa ni visiki kuchipua, maana kuuanzisha kwa miche ni kazi ya subira isiyo na mfano.

Aina ya nne inafuata maji ya chini ya ardhi. Hapa mvua si hoja kubwa; hoja ni maji kuwa karibu na mizizi mwaka mzima. Jozani, Unguja, ambayo tangu 2004 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani-Ghuba ya Chwaka, ni mfano wake: mtondoo (Calophyllum inophyllum), mchikichi na mfuu (Vitex doniana) juu ya ardhi inayofurika masika. Magombera katika bonde la Kilombero na Rau kule Moshi ni ndugu zake. Kwenye ardhi ya namna hii mvule na mkangazi (Khaya anthotheca) hupata unene wa kutisha, ilimradi maji yasisimame juu ya ardhi kwa miezi. Pale yanaposimama muda mrefu, nafasi ni ya mwale (Raphia farinifera) na, karibu na midomo ya mito, mtomondo (Barringtonia racemosa).

Misitu ya kando ya mito ni jamaa ya karibu, ila inategemea mafuriko. Kando ya Tana utaona mkuyu, mkindu na Populus ilicifolia, na miche mingi ya asili huota kwenye tope jipya linaloachwa na mto. Tangu Bwawa la Masinga likamilike mwaka 1981 na mengine kufuata, mafuriko ya Tana yamebadilika, na pamoja nayo namna msitu unavyojizalisha. Ukipanda kando ya mto uliojengewa bwawa juu yake, usitegemee mto ukufanyie kazi ya kuotesha.

Mwisho ni maweni: vichaka na misitu mifupi juu ya mwamba wa matumbawe, Unguja mashariki na kusini, sehemu za Pemba, Mafia, na ukanda mwembamba wa bara. Udongo umo kwenye nyufa na mifuko midogo tu. Miti hufika mita 3 hadi 8, majani magumu, mbao nzito. Mjoma (Macphersonia gracilis), mdaa (Euclea) na mgama (Mimusops) ni wenyeji hapo. Asikudanganye mtu kwamba maweni ni ardhi ya kupanda mti wowote wa mbao.

Je, kweli unahitaji kupanda?

Kabla ya kununua hata kiriba kimoja (mfuko wa nailoni wa kuoteshea mche), pima viunga vya mita 10 kwa 10, vitano hadi kumi kwa hekta. Hesabu kila mche, chipukizi na kisiki hai cha mti wa asili kinachozidi urefu wa nusu mita. Wastani ukifika 10 kwa kiunga, yaani 1,000 kwa hekta, kazi yako ni ulinzi: zuia moto, mbuzi na panga, kata mitambaazi inayobana machipukizi, na kwenye kila kisiki bakiza machipukizi mawili au matatu yenye nguvu. Hiyo ni rahisi kuliko kupanda, na miti itakayotoka ndiyo hasa inayostahili pale.

Ukipata kati ya 3 na 10, jaza mapengo tu. Chini ya 3, panda. Vipimo hivi ni vya kazi, visichukuliwe kama msahafu. Kwenye maweni hata 5 ni heri, maana kupanda huko ni shida.

Tofautisha pia miti ya asili na wageni waliojipenyeza. Mwarobaini umeingia kwenye misitu mingi ya pwani, hata baadhi ya kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, kwa sababu ndege hula matunda yake na kutawanya mbegu. Usiuhesabu, na mche wake ung'oe ungali mwembamba. Kwenye Usambara Mashariki, musizi (Maesopsis eminii) ulipandwa kwa mbao ukavamia msitu wa asili. Lantana, kichaka cha kigeni, nayo hufunga nafasi yote wazi, na kuikata tu huizidishia nguvu. Ichimbue na shina lake la chini.

Mbegu: kila mti na tabia yake

Kanuni ya kwanza: kusanya kutoka miti mama 10 au zaidi ya kila aina, iliyoachana angalau mita 50 hadi 100. Ukiokota chini ya mti mmoja mkubwa ulio karibu na barabara, utapanda msitu wa ndugu wa tumbo moja, na kizazi kinachofuata kitakuwa dhaifu. Ndani ya hifadhi unahitaji kibali, cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) kwa Tanzania Bara au KFS (Shirika la Misitu) kwa Kenya. TFS na KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, pia huuza mbegu za baadhi ya aina.

Mvule (Milicia excelsa) una mti dume na mti jike, na jike pekee huzaa. Tunda ni la kijani, laini, kama kiwavi mnene, na popo hulipenda. Okota yaliyodondoka ndani ya siku moja mbili, yaloweke usiku, yaponde kwa mkono ndani ya ndoo, kisha mimina maji taratibu: nyama na mbegu tupu huelea, nzuri huzama. Zianike kivulini juu ya kitambaa. Ni ndogo mno; gramu moja ina zaidi ya 400, kwa hiyo kikombe kimoja cha matunda kinakutosha msimu mzima. Changanya na mchanga mkavu mara tano ya kiasi chake ili usizimwage mahali pamoja, tawanya juu ya kitalu, funika kwa mchanga uliochekechwa usiozidi milimita 2, na mwagilia kwa kinyunyizio chenye matundu madogo. Zitaota kwa wiki mbili hadi nne. Zikifunikwa kwa sentimita nzima hazitoki, na hilo ndilo kosa linalowafanya wengi waseme mbegu za mvule ni mbovu. Usizihifadhi zaidi ya miezi miwili mitatu kwenye joto la kawaida la pwani.

Mkongo ni rahisi kuliko wote. Mbegu ni nyeusi, ina kikofia chekundu au cha rangi ya chungwa. Bandua kikofia chote, kwa sababu kikioza huleta ukungu na kabla hakijaoza huita panya. Kwaruza ganda kwa tupa au jiwe upande ulio mbali na kikofia kilipokuwa, mpaka uone weupe, kisha loweka saa 12 hadi 24. Iliyovimba panda, isiyovimba kwaruza tena. Huota ndani ya wiki moja hadi nne. Msandarusi unafuata njia ileile.

Mkangazi hutoa vifuko vigumu kama mbao vinavyopasuka juu mtini na kupeperusha mbegu zenye mbawa. Chuma vifuko vinapoanza kugeuka rangi kabla havijafunguka, vianike kivulini, vitajifungua ndani ya siku chache. Tupa mbegu zenye vitundu vya wadudu. Panda ndani ya wiki chache, mbegu ikilala au ikisimama kwa ukingo, imefunikwa kidogo tu.

Mpingo (Dalbergia melanoxylon) unafaa kwenye pembe kavu za msitu na udongo ulioharibika, kwa kuwa una uwezo wa kujitengenezea naitrojeni. Kilo moja ya mbegu zilizotolewa kwenye maganda ina takriban 42,000. Loweka usiku mmoja, panda, subiri siku 8 hadi 20. Anayeupanda ajue anawapandia wajukuu. Mbao yake inahesabiwa kwa miaka 70 kwenda juu.

Mnwamaji (Trichilia emetica) una mbegu zisizovumilia kukauka. Okota leo, ondoa nyama nyekundu, panda kesho. Ukiziweka kwenye gunia wiki mbili umezitupa. Muhuhu una tatizo la kinyume: nyingi ya mbegu zake ni tupu au zimetobolewa na wadudu, kwa hiyo panda kwa wingi, tena kwenye trei, ukihamisha zilizoota tu.

Mrihi hupasua maganda kwa mlio na kurusha mbegu. Huota bila dawa yoyote, lakini kwenye kiriba lazima uweke udongo kutoka chini ya mrihi mzima, walau sehemu moja kwa tano, ili mche ukutane na mikoriza yake. Bila huo udongo utanyauka rangi ya manjano bila sababu inayoonekana. Mkongo pia hufaidika na udongo wa chini ya mkongo mama. Na usishangae mrihi ukibaki mfupi miaka ya mwanzo. Unashuka chini kwanza.

Mkuyu hauhitaji mbegu. Kata tawi lenye unene wa kifundo cha mkono, urefu wa mita 1.5 hadi 2, liache kivulini siku mbili utomvu ukauke, lifukie nusu mita kwenye ardhi yenye unyevu mwanzo wa mvua. Panda michache mapema kila mradi wa bondeni, kwa sababu matunda yake huita hondohondo, popo na tumbili, na hao huleta mbegu za miti mingine bure.

Kitalu

Mchanganyiko unaofaa aina nyingi ni udongo wa msituni sehemu tatu, mchanga wa mto sehemu moja, samadi iliyooza kabisa sehemu moja. Kwa miti ya mchanga mweupe, punguza samadi iwe nusu ya hapo. Mchanga wa ufukweni una chumvi, usitumie.

Viriba vya kawaida vifupi vinaharibu miti hii. Mkongo, mpingo na msandarusi hutuma mzizi mkuu chini haraka, ukigonga chini ya kiriba unajikunja, na mti unaopandwa na mzizi uliojikunja huanguka au kufa ukifikisha miaka michache. Tumia kiriba cha kina cha sentimita 20 hadi 25, kilichotobolewa, na inua kila kimoja kila wiki nne hadi sita kukata mizizi iliyotoka. Ukipanga viriba juu ya waya au fito badala ya ardhini, hewa hukata mizizi yenyewe.

Kivuli kiwe nusu kwa mwezi hadi miezi miwili ya mwanzo. Makuti yaliyosukwa kwa nafasi yanatosha. Mwagilia asubuhi. Kumwagilia jioni kitalu kilichofungwa hewa huleta ule ugonjwa wa shina kuoza usawa wa udongo, mche unalala chini usiku mmoja. Ukiuona, ondoa waliougua pamoja na udongo wao, punguza maji, fungua makuti.

Mvule una adui wake, mdudu mdogo wa jamii ya Phytolyma, anayefanya ncha changa zivimbe kama uvimbe wa jipu, kisha zikaoza. Mche hauwezi kupanda juu tena. Shambulio huwa kali pale mivule mingi inapokaa pamoja kwenye jua kamili. Chambua na choma ncha zilizovimba mara tu uzionapo, na usiweke mivule kwenye tuta moja kubwa. Ichanganye na miche mingine. Mkangazi nao una kiwavi, Hypsipyla robusta, anayetoboa chipukizi la juu. Mti haufi, ila hugawanyika matawi mengi na mbao inaharibika. Dawa ya wote wawili ni ileile: kivuli cha pembeni na majirani wa aina nyingine.

Wiki nne hadi sita kabla ya kupanda, ondoa kivuli kidogo kidogo na punguza maji hadi mche unaanza kulegea mchana na kuinuka usiku. Hesabu kalenda kurudi nyuma: mkongo miezi 4 hadi 6 kitaluni, mkangazi 5 hadi 7, mpingo na mvule 6 hadi 9. Ukikosa masika, ni afadhali kuiweka miche hadi msimu mwingine kuliko kuipanda Juni.

Kupanda

Subiri ardhi ilowe hadi sentimita 30 chini. Mvua mbili za kwanza za Machi hudanganya, chimba uone. Mashimo yawe yamechimbwa mwezi mmoja kabla, sentimita 45 kila upande, udongo wa juu ukitengwa na wa chini. Kwenye mchanga mtupu sentimita 30 zinatosha.

Nafasi ya mita 3 kwa 3 inatoa miche 1,111 kwa hekta, nayo inafaa msitu wa mchanganyiko. Kwenye ardhi iliyojaa nyasi ndefu, bana hadi mita 2 kwa 2, yaani 2,500, ili kivuli kifunge haraka kiue nyasi. Gharama inazidi mara mbili, lakini utapalilia miaka miwili badala ya minne. Usipange mistari ya aina moja. Kati ya miche kumi, weka minne au mitano ya haraka inayovumilia jua, kama Trema orientalis na Harungana madagascariensis, na iliyobaki iwe ya kudumu. Mivule isizidi mmoja kwa kila miche ishirini. Miti ya kivuli, kama baadhi ya ile ya chini ya msitu wa mchanganyiko, iongeze mwaka wa tatu chini ya ile ya mwanzo; ukiipanda jua kali siku ya kwanza umepoteza.

Chana kiriba chote na ukitoe. Kuacha nailoni "ili udongo usimwagike" kunaua miti mingi kuliko ukame. Rudisha udongo wa juu kwanza, shindilia kwa mguu, shingo ya mche iwe sawa na ardhi. Kwenye mteremko tengeneza kingo yenye umbo la mwezi mwandamo upande wa chini. Matandazo yawe sentimita 10, yakiacha sentimita 10 wazi kuzunguka shina, la sivyo mchwa watapanda kupitia hapo na kukata ganda.

Maweni mbinu ni tofauti. Tafuta mfuko wa udongo kati ya mawe, panda mche mdogo wa sentimita 15 hadi 20 au mbegu moja kwa moja, na uupange mawe upande wa kusi kuukinga na upepo. Mche mkubwa wa kitalu haupati pa kuweka mizizi yake.

Miaka mitatu ya mwanzo

Palilia duara la mita moja kuzunguka kila mche mara mbili au tatu kwa mwaka. Katikati ya mistari fyeka tu, usilime, kwa sababu huko ndiko miche iliyoletwa na ndege inakoota. Fungia utepe au kijiti kila mche wa asili utakaouona kabla ya kuwapa vibarua panga, maana kwa kibarua anayelipwa kwa eneo kila kijani kisicho kwenye mstari ni gugu.

Ifikapo Juni, safisha njia ya moto ya mita 6 hadi 10 kuzunguka eneo lote, na zungumza na majirani wenye mikorosho, kwa kuwa wao husafisha na kuchoma mashamba yao kiangazi. Moto mmoja mwaka wa pili hurudisha kazi nyuma kabisa: mpingo na mrihi vinaweza kuchipua kutoka mizizini, mvule mchanga na mkangazi mara nyingi haurudi.

Hesabu walio hai mwishoni mwa kiangazi cha kwanza, mwezi Oktoba. Vifo chini ya asilimia 20 ni vya kawaida, jaza vuli. Vikizidi 40, usirudie aina ileile mahali palepale kabla ya kung'oa kumi waliokufa na kuangalia mizizi: iliyokunjika ni kosa la kitalu, iliyooza na kuwa myeusi ni maji, iliyotafunwa ganda ni mchwa au panya, na iliyo nyeupe na mizima lakini haikutoka nje ya udongo wa kiriba ina maana mche ulipandwa umechelewa na mvua ikaukimbia.